Gurudumu la Kisima cha Mtumba

Vijana wangu, mkipewa duara mligawe mara nne, nani atashindwa? Unapiga mstari katikati, unapiga wa pili kuukata, umemaliza. Mara nane ni vilevile, kila robo unaikata nusu. Mara sita bikari yenyewe inakufanyia kazi: ukiichorea duara, usiifunge wala kuipanua, izungushe tu pembeni, itarudi palepale ilipoanzia. Sasa niambieni, mkiambiwa mligawe mara arobaini na moja mtafanyaje? Nimewauliza hivyo wengi waliokuja kujifunza kwangu, na wengi hujibu kwamba watakwenda kununua gurudumu jingine. Ni jibu zuri, kama duka lipo. Mimi nitawasimulia wakati ambapo duka halikuwapo.

Ilikuwa zama za Mjerumani, karibu na mwisho wake. Vita ilikwisha kuanza na meli zao zilikuwa hazifiki tena. Gari la moshi lilipita Dodoma kama kawaida, ila lilileta askari na kuondoka na ng'ombe wetu. Msumari ukipinda, uliunyoosha ukautumia tena. Sindano ya kushonea ilikuwa mali.

Mimi ni Mgogo wa upande wa Mvumi. Nilikuja Dodoma nikiwa na nguvu zangu, nikabeba mataruma reli ilipokuwa ikijengwa, na reli ilipokwisha kupita sikutaka kurudi kuchunga. Nikaingia kazini kwa Fundi Sudi. Huyu alikuwa mtu wa Pangani, amejifunza kukereza chuma kwenye mitambo ya sukari huko kwao. Mfupi, mweusi wa kung'aa, msemaji sana, na mwoga wa ng'ombe kupita kiasi. Fikirini mtu anayeogopa ng'ombe akaja kuishi Ugogo. Kundi likipita njiani, Fundi aliingia nyumba yoyote iliyo karibu, akasalimia wenyewe, akaulizia afya za watoto mpaka kundi liishe. Watu walimwona ni mtu mwema kwa kutembelea wagonjwa.

Karakana yake ilikuwa uani kwake, chini ya paa la nyasi. Palikuwa na mvukuto, fuawe, jiriwa moja, na kerezo la kukanyaga kwa mguu. Kerezo hilo aliachiwa na Mgiriki mmoja, mkandarasi wa reli, ambaye kazi ilipoisha aliona kulibeba ni taabu kuliko kuliacha. Lilikuwa limechoka. Ekseli yake ilicheza, na ukikata chuma bila kuijua tabia yake, ulipata kitu cha umbo la yai. Fundi alinifundisha kulisikiliza. Likilia sauti nyembamba, kisu ni butu. Likinguruma, umekula chuma kingi mno. Likinyamaza kabisa, alisema, angalia mguu wako, umeacha kukanyaga.

Mgiriki huyohuyo ndiye aliyechimba kisima kule Mtumba, kirefu, akafunga pampu ya kuzungushwa na punda. Punda alizunguka na mti, mti ukazungusha gurudumu kubwa la meno, kubwa likazungusha dogo, na dogo likaiendesha pampu. Alipoondoka, kisima kilibaki mikononi mwa Mzee Chidawali, mfugaji wa hapohapo, na kaya zote za jirani zilinywesha hapo.

Asubuhi moja, kiangazi kikiwa kimekaza, Mzee Chidawali alikuja uani. Alisema mbukwenyi, nikamwitikia, nikamgeuzia Fundi salamu kwa Kiswahili. Mzee alifungua ngozi ya mbuzi, akamwaga chini vipande vya gurudumu dogo. Punda alikuwa ameshtuliwa na fisi, akakurupuka na mti, chuma cha kusubu kikapasuka kama chungu. Vipande vingine vilitumbukia kisimani.

Alieleza kwamba kwa kamba na ndoo wanawake walipata maji ya kupikia, lakini ng'ombe huwezi kuwanyweshea kwa ndoo kisima kilivyo kirefu. Waliokuwa dhaifu walikwisha kulala. Mvua ilikuwa bado mbali. Aliyasema haya bila kupandisha sauti, akaketi.

Fundi alivipanga vipande mchangani. Kwenye kitovu kiwanda kilikuwa kimegonga idadi ya meno, arobaini na moja. Nikamwona akikunja uso. Nilimwuliza kwa nini Wazungu wasitengeneze arobaini, namba ya watu. Akanieleza jambo ambalo nanyi mlishike: namba kama hiyo isiyogawanyika huchaguliwa makusudi. Jino hili likikutana na lile mzunguko huu, mzunguko ujao litakutana na jingine, hivyo meno yote yanalika sawasawa na hakuna linaloonewa. Ni akili nzuri kwa mwenye kutumia. Kwa mwenye kutengeneza ni mateso.

Bonge la gurudumu tulilipata. Palikuwa na kipande kinene cha chuma cha behewa lililoharibika, tukakipasha moto, tukakifua mviringo, tukakikereza mpaka kikaenea kwenye upana wa shubiri. Lakini meno huwezi kuyakata kwa kukisia. Pengo moja likiwa pana na la pili jembamba, magurudumu mawili yatakabana, na punda mwingine atavunja kila kitu. Tulihitaji chombo cha kulishika bonge, kuligeuza sehemu moja kati ya arobaini na moja, kulifunga lisitikisike, tukate, kisha kuligeuza tena. Leo mnavyo, vimetengenezwa kiwandani, vina mpini na sahani za matundu. Fundi Sudi alikiita kigawanyo, nasi tulikitengeneza hivi.

Tulichukua kipande cha ekseli iliyonyooka, tukakisugua mpaka kikang'aa. Tukakilaza ndani ya magogo mawili ya chuma yaliyotobolewa, tukamimina risasi iliyoyeyuka kuzunguka ekseli, risasi ikapoa ikaishika kote. Ukiipaka ekseli moshi wa taa kwanza, risasi haigandi nayo. Hilo ni la kukumbuka. Ekseli ikazunguka laini bila kucheza hata unywele. Mbele tulifunga bonge la kukata. Nyuma tulihitaji duara kubwa lenye matundu arobaini na moja, na pini ya kuingia tunduni kulifunga.

Duara ndilo lililotushinda. Fundi alichora kwenye ubao, akafungua bikari kwa makisio, akatembea nayo kuzunguka. Alipofika mwisho ilibaki nafasi nyembamba. Akaifunga bikari kidogo, akazunguka tena, ikazidi. Unywele mmoja wa kosa, ukiurudia mara arobaini na moja, ni kidole kizima. Alifanya hivyo siku baada ya siku. Ubao ulijaa vitundu kama umeliwa na mchwa, akaugeuza upande wa pili nao ukajaa. Akawa haongei, na Fundi Sudi asiyeongea ni mtu wa kuhofiwa. Mzee Chidawali alikuwa akija, anaketi, anatazama, anaondoka. Safari moja alisema tu kwamba ng'ombe mwekundu wa mama yake amekufa.

Mke wa Fundi, Bi Mwanaidi, alikuwa akisuka mkeka barazani. Naye alikuwa wa Pangani, mwembamba, si msemaji, na alipata majani ya kusukia kwa taabu kutoka kwa wasafiri wa reli. Alichoka kusikia mumewe akisonya. Akamwuliza kwa nini anapima juu ya duara.

"Kwa sababu ninachotaka ni duara," Fundi akajibu.

"Na mimi kawa ni duara," akasema. "Lakini sisuki duara. Nasuka ukili ulionyooka, ukishatosha ndipo naushona uzunguke."

Mnaijua kawa, kile kifuniko cha chakula, na mnaujua ukili, ule mkanda mrefu wa kusuka kabla haujashonwa. Fundi alimwambia chuma si majani, akaendelea na bikari yake. Baada ya chakula cha mchana aliniita, akaniambia nitafute ule ukanda wa chuma uliokuwa ukifungia majora ya nguo dukani. Bi Mwanaidi alimpita akiwa na birika, akautazama ukanda, akaenda zake.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye kazi. Kwenye duara unadaiwa mambo mawili kwa pamoja: hatua zilingane, na mwisho ukutane na mwanzo. Kwenye ukanda ulionyooka unadaiwa moja tu, hatua zilingane. Urefu wake wote si kitu. Tulitengeneza kibati kidogo chenye matundu mawili. Unatoboa tundu la kwanza kwenye ukanda, unaingiza pini kupitia tundu moja la kibati, unapitisha kekee kwenye tundu la pili. Unang'oa pini, unasogea mbele, unatoboa tena. Kibati hakichoki wala hakikisii, kila hatua ni ileile. Tulipopata matundu arobaini na mawili, tukaukunja ukanda, tundu la mwisho tukalilaza juu ya la kwanza yawe moja, tukapiga ribiti pembeni yake. Tukawa na pete. Kilichobaki ni kukereza duara la mti polepole, kujaribu na kukereza, mpaka pete iingie kwa kugongwa. Basi duara limegawanyika lenyewe. Hujaligawa wewe.

Pete ilipoingia Fundi Sudi alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akamwita mkewe aje aone. Alikuja, akaigusa pete kwa kidole, akamwambia, "Umeshona vizuri." Ndiyo sifa pekee niliyowahi kumsikia akimpa.

Mtadhani hapo tulifika. Duara lile tulilikata kwenye mti wa mninga uliotoka porini karibuni, tena tukaliacha uani. Jua la Dodoma likiunyonya mti kwa siku chache tu, mti unasinyaa. Tulikuwa tumekwisha kukata mapengo machache ya jaribio kwenye kipande cha mti nilipoona pete inazunguka peke yake na duara limebaki. Tukahitaji ubao mkavu, uliokaa miaka. Fundi akazunguka nyumba nzima akigonga mbao kwa ukucha na kusikiliza. Aliporudi alikuwa amebeba mlango wa stoo. Tangu siku hiyo kuku wakalala kwenye masufuria, na Bi Mwanaidi akawa anamwita mumewe fundi wa kubomoa.

Kisu cha kukatia tulikisaga kwa kukilinganisha na pengo la gurudumu lililovunjika, lile lililobaki zima kuliko yote. Hatukuwa na mashine ya kukatia meno. Tulikifunga kisu kwenye meza ya kerezo, tukaifungia meza wenzo mrefu, na kwa kuuvuta wenzo kisu kilikwenda mbele kikila chuma kidogo kama ganda la kitunguu. Unarudisha, unasogeza, unavuta tena. Pengo moja lilikula nusu ya asubuhi. Fundi alivuta, mimi nikatia mafuta na kushika pini, na mikono ikichoka tulibadilishana.

Tulikuwa hatujafika nusu ya kazi askari walipokuja. Walikuwa wawili, pamoja na kerani wa boma. Jeshi lilitaka mafundi wa kutengeneza bunduki na magari, lilikuwa likijipanga kuelekea Kondoa na kwingineko. Fundi Sudi aliwaambia ana kazi ya maji ya watu mikononi. Kerani akamjibu kwa adabu kwamba naye hakupenda kuja. Wakampa muda wa kufunga mzigo.

Alifunga nguo, tupa mbili na bikari. Alipokuwa akifunga alizungumza mfululizo, ya kazi tu. Niache kukaza nati ya meza kupita kiasi. Nisage kisu kabla hakijaomba kusagwa. Nilikuwa nikiitikia bila kusikia nusu yake. Mlangoni ndipo akasimama.

"Ndahani, usishindane na hilo gurudumu," aliniambia. "Ukichoka, keti. Jino moja likiharibika, yote yameharibika."

Akamgeukia mkewe. Nilidhani ataaga. Akamwambia, "Pini utashika wewe. Huyu akivuta wenzo hawezi kuangalia tundu."

"Nitashika," Bi Mwanaidi akasema.

Akaenda. Nilisimama njiani nikiwatazama mpaka stesheni, na kundi la mbuzi lilipowakatiza nilimwona akimpisha askari mmoja awe upande wa mbuzi.

Kesho yake nilikuja nikidhani tutaomboleza. Nilimkuta Bi Mwanaidi amekwisha kuketi kwenye kigoda nyuma ya kigawanyo, ametia mafuta. Hakunikaribisha wala hakunihimiza. Nikavuta wenzo.

Tulifanya kazi hivyo, mimi mbele yeye nyuma. Alihesabu kwa sauti ndogo kila tulipohama tundu, na kila tundu lililopita alilifunga uzi wa ukindu ili lisirudiwe. Sikumfundisha hilo. Mara nyingi sikuwa na la kumfundisha. Siku moja nilikuwa na hasira. Habari zilikuwa zimekuja kwamba wapagazi wanakufa njiani, na mimi nikavuta wenzo kama nampiga mtu. Pengo likaisha, nikasogeza, nikashika wenzo kuvuta tena. Akaniwekea mkono juu ya mkono wangu.

"Pini haijakaa," alisema.

Nilitazama. Chembe ya chuma ilikuwa imeingia tunduni na pini ikasimama juu yake, haikuzama. Kama ningevuta, jino lingetoka nusu unene na kazi yote ingekuwa ya kutupa. Nikaketi chini. Yeye akaichokoa chembe kwa sindano, akazamisha pini, akanisubiri. Baadaye aliniletea maji, nikanywa, tukaendelea.

Pengo la mwisho ndilo linalosema ukweli. Mpaka hapo hujui kitu. Nilikata, nikaupuliza unga wa chuma, nikachukua bikari yangu niliyojitengenezea, nikapima jino la mwisho na la kwanza. Nikapima tena nikiwa nimeigeuza. Nikampa Bi Mwanaidi bikari apime mwenyewe. Alipomaliza alirudisha bikari mezani, akaingia ndani, na nikamsikia akilia huko, kwa mara ya kwanza tangu mumewe achukuliwe.

Tulilibeba gurudumu Mtumba, yeye akiwa na kapu la vyombo kichwani. Nililifunga. Mara ya kwanza liligoma, kwa kuwa gurudumu kubwa lilikuwa limechubuka upande mmoja siku dogo lilipopasuka. Nikalisugua kwa tupa, nikatia mafuta ya ng'ombe, tukajaribu tena. Mzee Chidawali alimshika punda masikioni na kumtembeza mwenyewe. Bomba lilikohoa hewa, likatema tope, kisha maji. Wale ng'ombe waliokuwa wamebaki walisikia harufu kabla hatujawafungulia, wakavunja boma la miiba. Tulilazimika kupanda juu ya ukuta wa kisima ili tusikanyagwe, mimi, Bi Mwanaidi na wazee wawili, na watu wakacheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia mahali pale kiangazi kile chote. Mzee hakucheka. Alikuwa akiwahesabu waliobaki kwa macho, midomo ikicheza.

Mjerumani aliondoka Dodoma mwaka uliofuata, Mwingereza akaingia. Fundi Sudi hakurudi. Mpagazi mmoja aliyerejea kutoka kusini alikuja kutueleza kwamba aliugua tumbo huko mtoni Rufiji, na walimzika wenzake, kwa dini yake, na sanda ilikuwa hema lililochanika. Bi Mwanaidi akakaa eda. Karakana nikaifunga, nikarudi Mvumi kulima.

Eda ilipoisha kaka yake alikuja kutoka Pangani kumchukua. Bi Mwanaidi aliniita niwepo, kwa kuwa vyombo vya Fundi vilihitaji kugawanywa. Kaka mtu alikuwa mtu wa heshima, alisema maneno ya busara: hapa ni ugenini, mume hayupo, mtoto hakujaliwa, nyumbani kuna mahali pake. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru. Akamwambia kwamba Kondoa kuna mtu mwenye mashine ya kukamua alizeti iliyokatika meno, ametuma ujumbe, naye amekwisha kumjibu kwamba ailete.

Kaka yake akauliza ni nani atakayeitengeneza.

"Mimi nagawa, Ndahani anakata," alisema.

Sikuwa nimeulizwa. Mzigo wangu wa mbegu ulikuwa umefungwa tayari pale mlangoni. Kaka mtu alinitazama akisubiri nikatae au nikubali, na mimi nikamwuliza Bi Mwanaidi, hiyo mashine ya alizeti, gurudumu lake lina meno mangapi.